Naomba ushauri: kutengeneza mihuri ya mapambo kwa vitu vya nyumbani

Kadi_na_Karatasi:
Wakuu, habari zenu. Nataka kupiga mapambo kwenye kadi na mifuko ya karatasi: majani, nyota, na neno "Asante". Nachonga kwenye raba ya kufutia penseli, wino ni rangi ya chakula juu ya sponji ya kuoshea vyombo. Mistari myembamba inakatika, chapa inatoka na mabaka, na kwenye kadi zinazong'aa rangi haikauki kabisa. Nirekebishe nini?

Nakshi_Mkono:
Mkuu, mistari inakatika kwa sababu ya jinsi unavyoshika kisu. Ncha ikiingia chini ya mstari, unaukatia msingi. Laza kisu upande wa pili, ili ukuta wa mstari uwe mpana chini na mwembamba juu. Kina cha milimita 2 hadi 3 kinatosha. Kwenye mikunjo zungusha raba, mkono wenye kisu utulie. Usiache mstari mwembamba kuliko milimita 1, maana raba nyingi hazivumilii. Na wembe uwe mpya: butu unachana badala ya kukata.

Neno usiliandike moja kwa moja kwenye raba, litatoka kinyume. Liandike kwa penseli laini, 2B au 4B, kwenye karatasi ya kuokea. Laza upande wenye penseli juu ya raba, sugua kwa mgongo wa kijiko bila kusogeza karatasi. Maandishi yatahamia yakiwa yamegeuka, na ukipiga muhuri yatasomeka sawasawa.

MamaRangi:
Mabaka yana vyanzo viwili, ndugu yangu. Cha kwanza ni raba yenyewe: ikiwa mpya uso wake huteleza na mara nyingine una unga, kwa hiyo wino unajikusanya vitone vitone. Ioshe kwa sabuni, ikaushe, kisha ipitishe taratibu juu ya msasa laini uliolazwa mezani (namba 400 unafaa). Fanya hivyo kabla ya kuchonga. Msasa huohuo utaondoa nembo iliyochorwa juu ya raba.

Chanzo cha pili ni meza ngumu. Weka magazeti machache yaliyokunjwa chini ya kadi, karatasi ipate kubonyea kidogo na kufikia kila sehemu ya muhuri. Bonyeza wima, inua wima. Kutikisa muhuri ndiko kunakoleta kivuli pembeni.

Kidau_cha_Bati:
Mimi nazungumzia wino. Sponji ikiwa wazi, matundu yake yanaonekana kwenye chapa. Chukua kopo bapa la bati lenye mfuniko, kama la rangi ya viatu, lioshe vizuri. Kata sponji iingie, ifunike kwa kipande cha fulana ya pamba kilichovutwa kikakaza. Changanya kijiko kimoja cha chai cha rangi ya chakula ya maji na matone 3 au 4 ya gliserini, mimina kidogokidogo mpaka kitambaa kiwe na unyevu bila kuelea. Gliserini huzuia kidau kisikauke, lakini ikizidi hata chapa haitakauka. Gongagonga muhuri juu ya kidau, usiukandamize, la sivyo wino utajaa kwenye mifereji.

Kadi inayong'aa hainyonyi maji, kwa hiyo wino huu hauifai. Tumia karatasi isiyong'aa. Na usitengeneze wino mwingi kwa mara moja, ukikaa unaota ukungu.

Juma_Kiazi:
Kwa nyota na majani makubwa kiazi kinatosha jamani, mbona mnajitesa na raba? Kata mara moja kwa kisu kirefu ili uso uwe bapa, chonga, kisha kifutie kwa karatasi ya tishu mpaka maji yaishe.

Nakshi_Mkono:
Kiazi ni cha kazi ya siku moja, kesho yake kimesinyaa na umbo limepinda. Kwa maumbo makubwa afadhali soli ya kandambili kuukuu: ni nyepesi, inakatika kwa mkasi mkali na haiozi. Tyubu ya baiskeli nayo ni nzuri sana kwa majani. Ikwaruze kwa msasa pande zote mbili, kata umbo, bandika kwenye kibao kwa gundi ya viatu. Paka gundi kote kuwili, subiri isinate kidoleni, ndipo ubandike.

Kadi_na_Karatasi:
Asanteni sana. Naweza kubandika raba kwenye kipande cha kasha la sidii ili nione ninapopiga? Na rangi hii itashika kitambaa?

MamaRangi:
Kuona utaona, ila usiache raba imekaa hapo. Raba nyingi nyeupe ni za vinili, na mafuta yanayozilainisha huyeyusha plastiki ya kasha polepole mpaka vishikane. Bandika kwa utepe wa pande mbili wakati wa kazi, ukimaliza ubandue. Hifadhi raba imefungwa kwenye karatasi, mbali na jua.

Kitambaa hapana, rangi ya chakula hutoka kwenye maji. Tumia rangi ya akriliki au ya vitambaa, uipake kwenye muhuri kwa sponji, tabaka jembamba. Osha muhuri papo hapo kwa maji na mswaki laini, maana akriliki ikishakaukia kwenye mistari haitoki bila kuharibu raba.