"Umaskini Zanzibar umeshuka": toeni hesabu kamili, na Pemba mnaiweka wapi?

Jamani, nimechoka na hii asilimia inayorushwa kila pahala. Umaskini wa mahitaji ya msingi, yaani watu wasiomudu chakula na mambo mengine ya lazima, asilimia 30.4 mwaka 2014/15, 25.7 mwaka 2019/20, basi makofi. Namba zenyewe sizikatai, zimetoka kwenye Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya. Ninachokataa ni kuzisoma nusunusu.

Chukueni sensa. 2012 tulikuwa 1,303,569. 2022 tukawa 1,889,773. Ni ongezeko la asilimia 3.7 hivi kwa mwaka, kwa hiyo mwanzoni mwa 2015 tulikuwa kama milioni 1.43, mwanzoni mwa 2020 kama milioni 1.72. Pigeni: 30.4 ya ile ya kwanza ni watu 435,000 hivi. 25.7 ya ile ya pili ni 442,000. Asilimia imeshuka, maskini hawakupungua! Mbona hili halisemwi?

Halafu Pemba. Wastani wa Zanzibar unabebwa na Unguja, kwenye watu wengi na mahoteli. Kwenye tafiti hizo kiwango cha Pemba kilikuwa zaidi ya mara mbili ya Unguja, na wilaya ya Micheweni, hukohuko Pemba, ndiko hali ilikokuwa mbaya kupita kote. Anayetangaza namba moja bila kutenganisha visiwa anawafuta watu hawa.

Na mnapolinganisha mwaka na mwaka, bei mnazirekebishaje? Dagaa na muhogo kwetu huuzwa kwa fungu. Bei ikibaki 2,000 na fungu likapungua kutoka gramu 800 hadi 600, kilo imepanda kutoka 2,500 hadi zaidi ya 3,300. Mdodosaji akiandika "fungu 1, 2,000" bila kupima, kwenye karatasi hakuna kilichopanda, na kaya inayokula kidogo inaonekana haijatetereka. Mizani iende sokoni, Wete ya Pemba na Mwanakwerekwe ya Unguja, kila mwezi, miezi 12 yote. Ukikusanya wakati wa mchumo wa karafuu pekee utaikuta Pemba ina pesa.

Gini nayo, kile kipimo cha pengo la kipato, msitutambie. Mwenye 2,000 kwa siku na wa 20,000 wote wakiongezeka asilimia 10, Gini haisogei, lakini mmoja kapata 200 na mwenziwe 2,000. Tena matajiri ndio wagumu kumfungulia mdodosaji geti, kwa hiyo pengo lao halionekani lote.

Anayeleta asilimia hapa alete na idadi ya watu, kiwango cha kila wilaya, na kiasi cha makosa ya sampuli, yaani namba inaweza kupotoka kiasi gani kwa kuwa hazikuulizwa kaya zote. Bila hivyo asituambie umaskini umeshuka.