Mdogo wangu anamuuliza kila mtu "nitatembea lini?" Tumjibuje?

KakaMtu

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, nasubiri wamalize raundi.

Mdogo wangu ana miaka 23, ni fundi rangi. Alikuwa juu ya ngazi kazini, ikateleza, akatua kwa mgongo. Pingili ya nne ya kifua ilivunjika na kubana mishipa ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo. Wamemfanyia upasuaji, wakamfunga vyuma vya kushikilia mifupa, akakaa chumba cha mahututi, sasa yuko wodi ya kawaida. Mikono mizima. Akili nzima. Mdomo ndio usiseme, hata na mipira puani alikuwa anatutania. Ila kuanzia usawa wa chuchu kushuka chini hasikii kitu. Daktari akimgusa kidole cha mguu, yeye anamtazama daktari usoni ili ajue kama ameshaguswa.

Sasa shida yangu haiko kwa madaktari, iko kwetu sisi ndugu. Kila anayeingia, dogo anamtupia swali moja tu: "Nitatembea lini?" Shangazi kamwambia mwezi ujao. Jirani kamwambia anamfahamu mtu aliyevunjika vilevile na leo anacheza mpira. Mjomba kamwambia ajikaze kiume. Baba akisikia hilo swali anatoka nje kupiga simu ambayo haipo. Mama analia, na mgonjwa ndiye anaanza kumbembeleza mama. Halafu usiku tukibaki wawili ananiambia, "Kaka, wewe ndiye uliyeongea na daktari. Kasemaje?" Namjibu kwamba bado wanaangalia. Ni kweli kabisa, daktari alisema hivyo, lakini naona haimuingii.

Lingine ni marafiki. Wanakuja kundi zima, wanazunguka kitanda, hawana la kusema, kila mtu na simu yake. Juzi mmoja kakaa kabisa kitandani, miguuni mwake. Wakiondoka dogo yuko hoi, wasipokuja anauliza wamepotelea wapi. Na yule anayemuulizia kuliko wote, waliyekuwa naye kazini siku ile, yeye ndiye aliyekuwa ameshika ngazi, hajakanyaga hapa tangu ajali. Simu yangu hapokei.

Kama umewahi kuuguza mtu wa namna hii, au umewahi kulala kitanda hicho mwenyewe, niambie mlifanyaje. Maneno ya faraja ninayo ya kutosha, tafadhali.

Muuguzi_Usiku

Pole, kaka. Nimefanya wodi za mifupa na mgongo miaka mingi, nikuambie ninayoyajua.

Kwanza kwa nini daktari hasemi. Uti wa mgongo ukiumia vibaya, chini ya pale palipoumia mwili huzimika. Misuli inalegea kabisa, hata ukigonga goti kwa kinyundo mguu hauruki. Hali hiyo inaweza kwenda siku kadhaa, wiki, wengine zaidi. Ikiwa bado ipo, ni vigumu kutenganisha kilichoharibika na kilichozimika kwa muda. Ndiyo maana wanampima kwa pini na pamba kuanzia shingoni hadi sehemu ya haja kubwa, na wanarudia tena baadaye. Msishangae kuhusu hiyo sehemu ya mwisho. Hisia ikiwepo pale, hata kidogo, maana yake kuna njia ambayo haijakatika, na daktari huithamini sana.

Nawaonya mapema: siku moja mguu utaruka wenyewe. Wodi nzima itashangilia, mama atapiga simu kwa ukoo mzima. Mara nyingi huo ni mkazo wa misuli tu, mwili chini ya jeraha umeamka lakini haupokei amri kutoka kichwani. Mwiteni daktari aone kwanza, ndipo mtangaze.

Kuhusu jibu: ombeni kikao na daktari bingwa, wewe, wazazi na mgonjwa mwenyewe. Ana miaka 23, akili yake timamu, kwa nini habari za miguu yake zijadiliwe koridoni bila yeye? Aulize mwenyewe, ajibiwe mwenyewe. Mkitoka hapo mkubaliane mtawajibu wageni nini, iwe sentensi moja, na msemaji awe mmoja.

Sasa huyo aliyekaa kitandani. Ungekuwa karibu nami ningekuonyesha kwa kidole. Mgonjwa ana mpira wa mkojo, si ndiyo? Mtu akiukalia, au ukikunjika chini ya paja, mkojo unarudi nyuma na kibofu kinajaa. Yeye hasikii. Kwa walioumia kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu, na ya mdogo wako ni ya nne, kibofu kikijaa hivyo presha inaweza kupanda ghafla hadi pabaya. Hutokea zaidi mwili ukishaanza kuamka kutoka ile hali ya kuzimika. Ataanza kulalamika kichwa kinamgonga, uso unamwiva na kutoka jasho. Msimpe dawa ya kichwa mkanyamaza. Mwiteni muuguzi hapohapo, na mkimsubiri tazameni mpira wote, kutoka mwilini hadi kwenye mfuko, kama umebanwa mahali.

Na ngozi. Nyie mnalala mkijigeuza bila kujua, yeye hajigeuzi. Kumgeuza kila baada ya saa 2 si ukorofi wa manesi. Daktari Ludwig Guttmann, aliyewakimbia Wanazi akahamia Uingereza, alipofungua kitengo cha majeruhi wa mgongo Stoke Mandeville mwaka 1944, wagonjwa wa aina hii walikuwa wanahesabiwa ni wa kufa tu. Kilichowaua sana kilikuwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo. Yeye akasimamia wageuzwe usiku na mchana, vibofu vihudumiwe, kisha akawaingiza kwenye michezo. Mwaka 1948 aliwapambanisha kwa upinde na mishale akiwa na washindani 16, na hapo ndipo ilipoanzia hii michezo ya Paralimpiki. Kwa hiyo hao marafiki wanaotazama simu, wapeni kazi. Visigino, matako, mgongo chini. Pakiwa pekundu, bonyeza kwa kidole. Wekundu usipofifia ukibonyeza, mwambie nesi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, basi pima joto kwa mkono na uangalie kama pamekuwa pagumu au pana rangi tofauti na pembeni. Ila wasimgeuze wenyewe, kwa mgongo wenye vyuma vipya kuna namna yake, mwili unazunguka mzima kwa pamoja na nesi ndiye anayehesabu.

Magurudumu

Mimi nililala kitanda hicho. Yangu ni ya chini kidogo, kuanzia kitovuni, na huu ni mwaka wa ngapi sijui niko kwenye kiti.

Nilikuwa nauliza hilohilo swali. Nilishajua jibu, au nilishaanza kulijua. Nilichokuwa natafuta ni nani kati yao anaweza kukaa na mimi bila kunidanganya. Huyo akipatikana hata mmoja inatosha, na naona ameshakuchagua wewe. Sasa ukimwambia "bado wanaangalia", mwambie na kinachoangaliwa. Hayo ya pini na pamba aliyoandika nesi hapo juu, msomee yote. Mtu aliyelala chali anatazama dari siku nzima anahitaji kitu cha kufikiria.

Marafiki: wawili wawili, na waje na habari. Siyo "vipi unaendeleaje". Kuna mmoja alikuja kuniomba nimsuluhishe na mchumba wake. Nikakasirika kwanza, jamani, mimi niko hivi wewe unaleta ugomvi wa mapenzi? Kisha nikamsuluhisha. Ndiyo siku ya kwanza nilijiona bado mtu anayehitajika. Mwingine alikuwa ananinyoa ndevu. Haongei, ananyoa, anaondoka. Huyo nilimngojea kuliko wote.

Wakati wa kusafishwa wote watoke, hata mama, labda yeye mwenyewe aseme abaki nani. Muulizeni. Kijana wa miaka 23 anavuliwa mbele ya shangazi na kila mtu anajifanya haoni, hiyo inauma kuliko mgongo.

Na kuna swali la pili ambalo hawezi kuliuliza mbele yenu. Unalijua, wewe ni mwanamume. Mwambie daktari au nesi wa kiume akae naye peke yake siku moja, waongee mambo ya ndoa na watoto. Majibu yapo, na mengi si mabaya kama anavyowaza usiku.

Yule wa ngazi, acha kumpigia simu. Nenda kwao. Usianze kumwambia hana kosa, atasikia kwamba lilikuwa linajadiliwa. Mwambie tu anaulizwa.

Binti_wa_Kwanza

Samahani, naomba nipingane kidogo. Kaka yangu aliambiwa ukweli wote kwa mpigo, tena na daktari aliyekuwa anaangalia saa. Akageukia ukutani, akakataa mazoezi, akakataa hata kuoga. Tulihangaika naye sana. Mimi nasema shangazi muacheni na mwezi wake ujao. Mtu hawezi kuishi bila tumaini.

Magurudumu

Dada, huyo daktari alikosea namna, na pole sana. Lakini mwezi ujao unafika. Mimi niliambiwa wiki mbili na mtu niliyempenda. Zilipopita nikaacha kumwamini hata aliponiambia mvua inanyesha. Tumaini langu lilirudi nilipoweza kujihamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti kwa mikono yangu, na hilo hakuna aliyeniahidi.

Muuguzi_Usiku

Wote mna haki. Aulizwe kabla ya kikao: anataka kujua kiasi gani leo? Wapo wanaosema "yote", wapo wanaosema "ya wiki hii tu". Na aliyegeukia ukutani asisemwe kwamba ni mvivu, anahitaji mshauri nasaha sawa na anavyohitaji mtaalamu wa viungo.

KakaMtu

Wakuu, narudi na mrejesho.

Kikao kilifanyika. Nilimuuliza kwanza anataka kujua kiasi gani, kama nesi alivyoshauri, akajibu, "Yote, na baba asitoke." Baba hakutoka. Daktari akavuta kiti akakaa, akamwambia kwamba hadi sasa hajaona dalili ya hisia wala nguvu chini ya jeraha, kwamba atampima tena, na kwamba kuanzia sasa mazoezi yanalenga maisha ya kwenye kiti. Kikirudi chochote zaidi ya hapo watakifanyia kazi. Dogo akanyamaza. Sisi wote tukanyamaza. Kisha akauliza ukuta anaweza kupaka hadi urefu gani akiwa amekaa. Daktari hakuwa na jibu la hilo, akacheka, akasema wataenda kupima.

Usiku ule alilia. Sikumzuia, nilikaa tu. Asubuhi hakuniuliza tena lile swali, kaanza kuniuliza mengine, mengi, na mengine sina majibu yake.

Yule wa ngazi nilimfuata kwao. Nilimkuta yuko ndani mchana kweupe, kakonda. Nikamwambia unaulizwa, vaa twende. Njia nzima hakufungua mdomo. Alipofika mlangoni mwa wodi akasimama, hasogei mbele wala nyuma. Dogo akamwona, akamwambia, "Ile ngazi ya watu uliirudisha?" Basi. Hawa hadi leo sijawasikia wakiizungumzia ajali, labda wanaizungumzia nikitoka. Lakini jamaa ndiye ana zamu ya jioni, anaingia na tochi ya simu anakagua visigino kama fundi anayetafuta ufa. Juzi aliona alama kisigino cha kushoto, kabonyeza, haikufifia, kamwita nesi. Wameinua miguu kwa mto, kisigino kinaning'inia hewani, alama inapungua.

Marafiki wengine nimewapangia siku. Walinuna kidogo, wakazoea. Mama bado analia, ila sasa ana kazi ya kumpaka mafuta mikononi baada ya mazoezi na humo ndani wanasengenya hadi wanacheka. Shangazi bado ni mwezi ujao. Dogo anamjibu, "Wa mwaka gani, shangazi?"

Mambo ya mpira wa mkojo nimemwandikia kila anayekaa zamu. Na hilo swali la pili, Magurudumu, nesi wa kiume alikaa naye. Sijauliza waliongea nini. Alitoka na uso mwepesi.

Sasa naanza kufikiria nyumbani. Mlango wa chumba chake kiti kitapita, nimepima. Wa bafuni nina wasiwasi nao. Nipime nini hasa?

Magurudumu

Usipime kiti kitupu. Mpime yeye akiwa juu yake, mikono ikiwa kwenye magurudumu, viwiko nje. Kiti kinaweza kupita na vidole vikabaki kwenye fremu, mimi nina kovu la hiyo. Kisha angalia mlango unafungukia wapi. Ukifungukia ndani na bafu ni dogo, akishaingia hataweza kuufunga. Ugeuze ufungukie nje, au weka wa kuteleza. Pia kizingiti, kama kipo, king'oe kabla hajatoka hospitali. Ukishapima tuma vipimo hapa.