Naomba ushauri: mama ana mzio wa mapafu unaotokana na kuvu

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu mama yangu mzazi, mkulima wa mahindi huku Mbozi, ambaye pumu yake huzidi kila msimu wa kupukuchua, hasa anapofungua gunia la mahindi yaliyovunda na vumbi la kijani likamrukia usoni. Anakohoa makohozi mazito ya kahawia, na kwa kuwa vipimo vya kifua kikuu havikuonyesha kitu, daktari anashuku mzio wa kuvu aina ya Aspergillus.

Alivyotueleza, tatizo kubwa ni kinga ya mwili inayotuma ishara kupita kiasi. Seli zake humwaga intaleukini, yaani protini zinazopeleka ishara kati ya seli: ya 4 huchochea utengenezaji wa kingamwili za mzio ziitwazo IgE, ya 5 huita eosinofili, aina ya seli nyeupe za damu, na ya 13 huongeza ute unaoziba njia za hewa. Ndipo nilipoelewa kwa nini anapewa predinisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, pamoja na itrakonazoli, dawa ya kuvu.

Wenye uzoefu, hasa wahudumu wa afya wa Mbeya na Iringa, naomba mnisaidie: kipimo cha jumla ya IgE hufanyika wapi huku kwetu, na gharama yake ikoje? Je, ni salama kuendelea na dawa yake ya kuvuta ya budesonidi, maana nimesoma kwamba itrakonazoli huifanya izidi mwilini? Kupukuchua tumeshamkataza, ingawa hapendi kukaa bure. Lakini mahindi bado yamehifadhiwa chumba cha pili kutoka anapolala, nasi hatuna ghala jingine.