Acheni kuuza uvivu kwa jina la "mapenzi safi"!

Wakuu, leo nimefura na sitazunguka mbuyu. Mimi ni msomaji na mwandishi wa riwaya za mapenzi safi, yaani zisizotuingiza chumbani na wapenzi, na hasa zile zenye historia ya kweli ndani yake na taharuki ya kukunyima usingizi. Ndiyo fani ninayoipenda kuliko zote. Na inauawa na watu wa pande mbili wanaojiona mahasimu, kumbe lao moja.

Wa kwanza ni wahariri. Kuna mchapishaji, simtaji, amenirudishia muswada na maelezo ya mistari miwili: hadithi imepoa, ongeza joto, wahusika wawe wameingia chumbani kabla kitabu hakijafika katikati. Hakuuliza kama fumbo limekaza. Historia hakuigusa hata kwa neno. Ameona mlango wa chumba umefungwa, akaamua kwamba nyumba nzima imelala.

Halafu tunaambiwa eti msomaji wa mapenzi safi ni mtoto, au ni mtu aliyetishwa na dini. Wapo wanaoyasoma kwa sababu ya imani yao, na hawana haja ya kumwomba mtu radhi. Wapo wengine ambao tunajua fika kinachotokea mlango ukishafungwa. Tunachokitafuta sisi ni yale ya kabla: mtu anayemeza neno kwa sababu likitoka litamponza, mkono unaogusa mkono wakati wa kupokezana kitabu na hakuna anayethubutu kuutaja. Mwandishi Mwingereza Jane Austen alichapisha riwaya ya mapenzi, Pride and Prejudice, mwaka 1813. Darcy anamposa Elizabeth, mhusika mkuu, katikati ya kitabu, anakataliwa vibaya sana, na tangu hapo hadi mwisho hatuwaoni wakibusiana hata mara moja. Miaka zaidi ya 200 watu bado wanakisoma. Nani alilalamika kwamba kimepoa?

Wa pili ndio wanaonichoma zaidi, maana ni wa kwetu wenyewe. Ni waandishi waliogundua kwamba neno "safi" likikaa kwenye jalada, kuna wasomaji watanunua kwa kuamini tu, kwa hiyo wakaacha kufanya kazi. (Wale wanaobandika "safi" halafu sura ya kumi wanafungua kila kitu, hao ni matapeli na sina la kuongeza.)

Nimetoka kusoma kimoja cha aina hiyo. Jalada linaahidi mapenzi safi, historia na taharuki. Tuko Uingereza, mwaka 1815, mwaka wa vita vya Waterloo. Sura ya tatu mshumaa unazimika, binti anasikia hatua kwenye ngazi, anawasha kiberiti. Kiberiti kipi? Njiti za kuwaka kwa kukwaruza zilianza kuuzwa mwaka 1827, na mkemia aitwaye John Walker. Mwaka 1815 binti huyo angepapasa kikopo cha kuwashia moto, agonge chuma kwenye jiwe gizani, agonge tena, aombe cheche ishike kwenye kitambaa kilichounguzwa, na hatua huku zinapanda. Kosa la tarehe ningelimeza. Kinachonikera ni kwamba historia ilimpa mwandishi kurasa mbili za hofu bila gharama yoyote, akazitupa.

Ikaja barua. Mpenzi wake askari anamwandikia kwa siri, na barua ina stempu. Stempu ya kwanza ya posta ilianza kutumika Mei 1840! Kabla ya hapo, kwa kawaida aliyelipa ni mpokeaji, na bei ilitegemea umbali na idadi ya karatasi. Hata bahasha ilihesabiwa kuwa karatasi ya ziada, ndiyo maana watu walikunja barua yenyewe na kuifunga kwa lakiri. Wapo waliojaza ukurasa, wakaugeuza, wakaandika tena juu ya mistari ile ile wakiikatiza, kusudi karatasi isiongezeke. Sasa fikirieni: msichana asiye na senti yake mwenyewe, barua ya siri iko mlangoni, tarishi anataka pesa, na mwenye pesa ndani ya nyumba ni baba. Baba analipa. Baba anauliza, "Nani anayekuandikia kutoka jeshini?" Hapo pana sura nzima ya mapenzi, historia na taharuki kwa pamoja, na hakuna nguo iliyovuliwa.

Na ndoa je? Binti ana miaka 19, baba hataki, lakini kwenye kitabu hiki wanafungishwa ndoa sebuleni kwa jirani, alasiri moja, kama wanaosaini risiti. Sheria ya ndoa ya Uingereza ya mwaka 1753 ilitaka ndoa ifungwe kanisani, itangazwe Jumapili tatu au ipatiwe kibali, na aliyekuwa chini ya miaka 21 hakuweza kuoa au kuolewa kwa kibali bila idhini ya mzazi. Uskoti sheria hiyo haikufika. Ndiyo maana wapenzi walitoroka kwa magari ya farasi hadi kijiji cha Gretna Green, ng'ambo kidogo tu ya mpaka, safari ya zaidi ya maili 300 kutoka London, wazazi wakiwafukuza nyuma. Sheria yenyewe imekupa mbio, saa inayoyoyoma na farasi wanaochoka! Ukaona heri sebule ya jirani?

Taharuki nayo wameigeuza mchezo. Mwovu anasimama katikati ya chumba na kueleza mpango wake wote kwa sauti, shujaa yuko nyuma ya pazia anasikia. Basi, imeisha. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu za taharuki, aliwahi kumfafanulia mwongozaji mwenzake François Truffaut jambo hili vizuri kabisa: bomu likilipuka chini ya meza bila msomaji au mtazamaji kujua, umempa mshtuko wa sekunde 15. Akijua liko pale na waliokaa mezani hawajui, umempa dakika 15 za taharuki. Mapenzi safi yanaishi kwenye dakika hizo 15. Sisi tunajua anampenda, yeye hajui, na gari linaondoka alfajiri.

Kitabu kama hicho kikidoda, wahariri wanasema, "Mnaona? Usafi hauuzi." Na mwandishi wake anaitikia kwamba wasomaji wameharibika. Wote wawili wanaamini kwamba mapenzi safi ni hadithi iliyonyofolewa kitu. Georgette Heyer, mwandishi Mwingereza aliyeandika riwaya za mapenzi ya enzi hiyo hiyo ya 1815 bila kutupeleka chumbani, alijaza madaftari kwa maelezo ya mavazi, magari na misemo ya wakati ule. Hayo ndiyo yaliyokaa pale mnapodhani pana pengo.

Muswada wangu sibadilishi hata mstari. Nimeshautuma kwingine.

Wasomaji wenzangu, tuache kutoa nyota tano kwa sababu tu hakuna matusi. Kitabu kikiwa na stempu mwaka 1815, andikeni wazi kwenye maoni, mtaje na ukurasa. Na kama mnacho kitabu ambacho kimewakosha kwa yote matatu, mapenzi, historia na taharuki, kiwekeni hapa chini. Nitakinunua leo hii.