Kikundi cha familia: keki yenye kichuguu

Tarehe 21, usiku

Mama Pacha: [picha]

Mama Pacha: Jamani nisaidieni, keki ya krismasi imeiva vizuri tu lakini imenyanyuka katikati na juu imepasuka, sasa kitu kama hiki mi nakipambaje

Kaka Mkubwa: Hiyo si keki ni kichuguu

Kitinda: 😂😂😂😂

Kitinda: dada usijali kuna video nimeona wanamwagia chokleti inachuruzika pembeni, inaficha kila kitu

Shangazi: Kitinda na video zako subiri kidogo. Mama Pacha imepoa hiyo?

Mama Pacha: Shikamoo shangazi. Nadhani imepoa, nikigusa juu ni baridi

Shangazi: Marahaba. Usidhani. Keki ya matunda inaficha joto katikati, juu inakudanganya. Iache mpaka kesho, maana ukipaka chochote ina joto sukari itayeyuka ianze kuteremka yenyewe. Kesho chukua kisu kirefu cha meno, kata hicho kichuguu kiwe sawa halafu pindua keki chini iwe juu. Ule upande uliokaa chini kwenye chombo cha kuokea ndo ulionyooka, na kona zake ni kali. Huku juu kwenye mabonde hakuna atakayepaona tena

Kaka Mkubwa: Kichuguu kikikatwa kinapelekwa wapi, nauliza kwa niaba ya mtu

Mama Pacha: Pacha washaweka oda

Shangazi: Umepanga kuipaka nini?

Mama Pacha: Nilitaka marzipani halafu juu fondanti nyeupe kabisa, ile sukari laini inayosukumwa kama chapati, niweke na majani mekundu na kijani

Wifi: Wifi samahani, mtoto wangu lozi hali. Mwaka juzi alivimba midomo nusu roho itutoke

Mama Pacha: Uwii ni kweli, nilisahau kabisa, nisamehe wifi

Kitinda: lozi zinahusiana na nini hapo?

Shangazi: Marzipani ni lozi zilizosagwa na sukari mwanangu. Na haiwekwi kwa utamu tu, kazi yake ni kuzuia rangi ya keki na mafuta yasipenye, bila kizuizi ile fondanti nyeupe baada ya siku kadhaa inatoa madoa ya njano kama shuka la zamani. Ila tunaweza kuiruka. Weka fondanti mara mbili, ya kwanza nyembamba ilale usiku mzima ikauke, ya pili ndo ya kuonekana. Na hiyo fondanti soma pakiti vizuri, nyingine zinatengenezwa sehemu moja na vitu vya karanga na lozi

Wifi: Asante shangazi 🙏

Tarehe 22, jioni

Mama Pacha: Nimekata, nimepindua, imekaa sawa. Sasa fondanti inashikaje kwenye keki kavu?

Shangazi: Jemu. Ya aprikoti ndo nzuri kwa sababu haina rangi kali. Ipashe iwe laini, ichuje vipande vitoke, paka kwa brashi safu nyembamba, iwe gundi tu usiipake kama mkate

Mama Pacha: Na nitajuaje nisukume duara kubwa kiasi gani, juzi kwenye keki ya besdei nilipungukiwa upande mmoja nikaunga kiraka

Kaka Mkubwa: Tunakumbuka kile kiraka

Shangazi: Chukua uzi. Anzia chini upande mmoja, pandisha, pita juu, teremsha mpaka chini upande wa pili. Keki ya sentimita 20 yenye kimo cha 8 inakupa 8 na 20 na 8, yaani 36. Sukuma duara la 40 ziada utakata. Unene milimita 4 au 5, hii ya kwanza hata 3 inatosha. Mezani nyunyiza aisingi shuga, ile sukari ya unga laini, kidogo, kidogo nimesema, ukizidisha fondanti inakauka inapasuka

Bibi: HAMJAMBO WAJUKUU

Kitinda: shikamoo bibi 😍

Kaka Mkubwa: Shikamoo bibi

Mama Pacha: Shikamoo bibi

Bibi: MARAHABA NANI ANAPASUKA

Kaka Mkubwa: Keki bibi

Tarehe 23, saa 3 usiku

Mama Pacha: [picha]

Mama Pacha: Safu ya pili iko juu ya keki, nimefanya uzi, nimefanya kila kitu, sasa angalieni hapo juu kulia imetoka lengelenge na kwenye kona imekunjamana kama goti la tembo, mi nimechoka natamani kulia na pacha hawajalala

Wifi: Pole wifi jamani

Shangazi: Pole mama. Tulia, yote hayo yanatengenezeka. Lengelenge ni hewa imenasa chini, chukua pini safi, ile ya kushonea yenye kichwa cha rangi, ichovye kwenye maji ya moto kwanza, toboa kwa kulaza, sukuma hewa na kiganja itoke, sugua kidogo tundu linaziba. Na hiyo pini uihesabu. Umenisikia? Pini ikiingia jikoni inahesabiwa ikitoka

Mama Pacha: Sawa shangazi

Shangazi: Kwenye mikunjo paka mafuta meupe ya kupikia kwenye ncha ya kidole, kidogo mno, usugue kwa mduara. Haitapotea yote ila itapungua

Kitinda: au uweke glita dada!! ninayo ile ya dhahabu ya kupambia kadi imeandikwa haina sumu

Wifi: Hapana hapana hapana

Wifi: Kitinda "haina sumu" maana yake mtoto akilamba hatakufa, haimaanishi ni chakula, nyingi ni plastiki iliyosagwa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilishatoa onyo mwaka 2018 kuhusu hizo poda za kung'aa watu wanazoweka kwenye keki. Ya kula imeandikwa wazi kwamba inaliwa na ina orodha ya viungo, sukari, wanga, rangi. Hakuna orodha, rudisha kwenye kadi

Kitinda: sawa dokta 😔

Kaka Mkubwa: Mke wangu huyo, hata mi nyumbani nasoma viungo kabla ya kunywa maji

Mama Pacha: Lengelenge limetoka, tobo limeziba. Ila pini ya kwanza ilipinda nikachukua nyingine. Kona bado mbaya. Na nyekundu imegoma, nimepaka rangi fondanti ya majani imetoka waridi kama peremende ya mtoto

Shangazi: Umetumia rangi ya maji au ya jeli?

Mama Pacha: Ya maji

Shangazi: Ndo sababu. Ya maji utamwaga chupa nzima fondanti igeuke uji na bado iwe waridi. Nyekundu inataka jeli, nyingi, halafu iache masaa kadhaa inakolea yenyewe, watu wanaongeza tu hawana subira mwisho keki inakuwa chungu. Na usibandike nyekundu mbichi kwenye nyeupe leo, ikilowa inachuja, asubuhi utakuta keki inatoka damu. Nyekundu iingie mwisho

Mama Pacha: Niiweke kwenye friji basi isiharibike mpaka kesho

Shangazi: USITHUBUTU

Shangazi: Fondanti ikitoka kwenye friji inatoa jasho, inanata, inang'aa kama uso wa mtu aliyekimbia. Iweke sehemu baridi na kavu ndani ya boksi, tena la karatasi, siyo dishi la plastiki lenye mfuniko mkali

Bibi: HIYO KONA MBAYA KWANI SHIDA NI NINI

Mama Pacha: Bibi imekunjamana, inaonekana vibaya

Bibi: SISI HATUKUJUA HIYO FONDANTI. TULIPIGA UTE WA YAI NA SUKARI TUKAPAKA KEKI YOTE KWA KIJIKO HALAFU TUNAVUTA JUU INASIMAMA VILELE. THELUJI. NANI ATAONA KONA KWENYE THELUJI

(dakika mbili kimya)

Kitinda: bibi ameua

Kaka Mkubwa: Bibi awe admini

Shangazi: Mama yuko sahihi, na kwa kweli ningekushauri hivyo tangu mwanzo mwanangu, ila ulishaitaja fondanti nikaona nisikuvunje moyo

Mama Pacha: Shangazi siku tatu nasukuma sukari 😭

Shangazi: Haijapotea, imekuwa kizuizi badala ya marzipani. Sasa sikiliza hiyo theluji. Kawaida ni aisingi shuga gramu 500 na ute wa mayai 3, lakini bibi yako atakula na watoto watakula, yai bichi silitaki. Tumia ute wa yai wa unga, uliopikwa kiwandani kuua vijidudu, fuata kipimo cha maji kwenye pakiti. Chekecha sukari. Bakuli lioshwe lisiwe na mafuta hata chembe, mafuta yakiingia haisimami upige mpaka mwakani. Weka glisarini ya kula kijiko kimoja cha chai, bila hiyo ikikauka inakuwa saruji mtu anavunja jino mezani. Matone ya limau kama unapenda. Piga mpaka ukiinua mwiko kilele kinabaki kimesimama. Na bakuli ulifunike kitambaa kibichi muda wote, inakauka upesi sana juu

Wifi: Hii nai-save

Tarehe 24, asubuhi

Mama Pacha: [picha]

Mama Pacha: [picha]

Kitinda: DADAAAAA

Kitinda: hiyo ni theluji kabisa yani

Mama Pacha: Haikuchukua hata nusu saa. Pembeni nimeinyoosha na spatula, juu nikavuta kwa mgongo wa kijiko, kila nilipokosea nikaongeza theluji. Kona imezikwa

Kaka Mkubwa: Marehemu kona, apumzike

Wifi: Vile vimiti vya kijani ni nini? Vizuri mno

Mama Pacha: Ni rozimari! Nimeosha nikakausha, nikachovya kwenye shira nzito, nikanyunyizia sukari ya kawaida, nikaacha ikauke usiku. Ukivisimamisha vinafanana na miti ya krismasi iliyonyeshewa theluji. Video ya Kitinda hiyo, tuwe wakweli

Kitinda: asante kwa kutambuliwa hatimaye

Shangazi: Umefanya vizuri kuweka kitu kinacholiwa. Watu wanachuma majani yoyote ya mapambo wanachomeka kwenye keki, zile tunda nyekundu za holi, ule mmea wa krismasi wenye majani ya miiba, kwa mfano ni sumu, na lile ua jekundu la krismasi lina utomvu unaowasha. Ukitaka holi tengeneza ya fondanti

Mama Pacha: Ndo nafanya sasa, nyekundu imekolea kweli ilivyolala. Na mabaki meupe natengeneza mtu wa theluji. Kichwa nakishikisha na kijiti cha meno au?

Wifi: Wifi tafadhali, siyo kijiti, mtoto atang'ata. Kipande cha tambi kavu, spageti, kinashika vilevile na akikila ni chakula

Mama Pacha: We wifi we una akili

Kaka Mkubwa: Ndo maana nilioa

Tarehe 24, saa 1 jioni

Mama Pacha: [picha]

Mama Pacha: Imekwisha. Utepe mwekundu chini, ndani yake nimeweka kipande cha karatasi ya kuokea usilowe, miti mitatu, holi, na mtu wa theluji na skafu yake

Shangazi: Mwanangu. Imetulia. Hujajaza vitu, umeacha weupe uonekane, hapo ndo wengi wanaharibu

Kitinda: naomba niipost

Wifi: Nzuri hadi naogopa kuikata

Shangazi: Pini umezihesabu?

Mama Pacha: Ndiyo shangazi, ile iliyopinda niliitupa na ile nyingine

Mama Pacha: subirini

Kaka Mkubwa: Subirini nini

Mama Pacha: Ile nyingine siioni

Wifi: Wifi

Mama Pacha: Mezani haipo, sinki haipo, sakafuni nimefagia jana hiyo hiyo

Shangazi: Nilisema nini? Nilisema nini mimi? Keki hiyo haikatwi mpaka pini ipatikane, hata kama ni kuivua theluji yote

Kaka Mkubwa: Chukua sumaku za kwenye friji upitishe juu ya keki

Kitinda: kaka keki ina sentimita 8 sumaku ya friji haifiki popote 😩

Kaka Mkubwa: Basi tule polepole

Wifi: Baba nanihii huu si muda wa utani

Mama Pacha: Mwenzenu mikono inatetemeka, nikiibomoa sasa saa ngapi nitaipamba tena, na nisipoibomoa nitalalaje

Bibi: MJUKUU WANGU NANI ALIKUFUNDISHA KUSHONA

Mama Pacha: Wewe bibi, kwa nini

Bibi: NA FUNDI AKIWA NA PINI HAIWEKI MEZANI. JISHIKE KIFUANI

Mama Pacha: Bibi nimebadilisha nguo tangu jana

Bibi: NENDA KAANGALIE ILE YA JANA

(dakika nne)

Mama Pacha: [picha]

Mama Pacha: Ilikuwa kwenye kola. Kwenye kapu la nguo chafu. Imechomekwa vizuri kabisa kama nilivyofundishwa 😭😭😭

Kitinda: BIBIIIII

Shangazi: Alhamdu, Mungu mkubwa. Presha ilishapanda. Mama asante

Wifi: Nimekaa chini kwanza

Kaka Mkubwa: Nimembadilishia bibi cheo, sasa ni admini rasmi

Bibi: ADMINI NI NINI

Kitinda: dada nimekuza ile picha ya mwisho, mbona nyuma ya pini naona keki na mtu wa theluji hana kichwa?

Mama Pacha: Alikuwa nacho sasa hivi

Mama Pacha: PACHAAAAA

Wifi: Na tambi?

Mama Pacha: Tambi wameiacha imesimama. Mabaki yapo, natengeneza kichwa kingine, na safari hii nakipandisha juu ya kabati mpaka kesho