Jibu la Rukia (kikundi cha Ukoo wa Bibi Zaituni)

Rukia: Asalaam aleikum wote. Jibu la Kanada la kibali cha kusoma limekuja. Wamekataa.

Shangazi Hawa, Bombo: Ya Rabbi. Pole mwanangu.

Baba Mkubwa: Uliwajibu vipi kwenye mahojiano?

Rukia: Hakuna mahojiano, Baba Mkubwa. Unapakia karatasi mtandaoni, unaenda kutoa alama za vidole hapa Kampala, unasubiri. Ofisa simjui wala hanijui.

Baba Mkubwa: Sasa anamkataaje mtu asiyemjua

Mjomba Swaleh: Hawataki weusi wale. Nilisema.

Idi Winnipeg: Mjomba, mimi mweusi na niko huku nakunywa chai. Saa kumi na mbili asubuhi, nje baridi imeshuka digrii 20 chini ya sifuri. Rukia, tuma barua yote. Siku hizi wanaambatanisha na maelezo ya ofisa, nayo tuma.

Rukia: 📷 📷

Idi Winnipeg: Nimesoma. Hapo anaposema haamini kama utaondoka muda ukiisha, usilie, wengi wanaandikiwa hivyo. Shida iko chini yake. Anasema milioni 60 ziliingia kwa mkupuo siku 9 kabla hujaomba, na kabla ya hapo akaunti ilikuwa na laki nne tu. Hakuna palipoelezwa zilikotoka. Dada yangu, hizo milioni 60 ni za nani?

Idi Winnipeg: Naona "anaandika" dakika ya tano sasa

Rukia: Muulize Mjomba.

Mjomba Swaleh: _Ujumbe huu umefutwa_

Shangazi Hawa, Bombo: Swaleh usifute, nimeshasoma. Umeazima pesa za watu?

Mjomba Swaleh: Dada, kila mtu anafanya hivyo. Wakala alituambia akaunti lazima ionekane imeshiba. Kuna tajiri mmoja hapa Arua anakopesha, pesa zinakaa wiki mbili, unachapisha stetimenti, anazichukua. Yeye alikula milioni tatu, wakala mbili. Nilitaka kumsaidia mtoto.

Baba Mkubwa: Milioni TANO zimeliwa??

Shangazi Hawa, Bombo: Kwa kuangalia tu pesa zikipita. Wallahi.

Idi Winnipeg: Sikilizeni, nieleze polepole. Kwa mtu mmoja anayekwenda peke yake, wanataka aonyeshe dola 22,895 za Kanada za kuishi mwaka mmoja. Kwa shilingi za Uganda ni karibu milioni 60, hapo Mjomba hakukosea. Juu yake karo ya mwaka wa kwanza na nauli. Karo ya Rukia profesa wake anaibeba kwenye pesa za utafiti, barua ipo. Lakini stetimenti wanaomba ya miezi minne, hawaombi ya siku moja. Ofisa anataka kuona pesa inavyoingia na kutoka kama pumzi ya mtu. Akaunti iliyolala miaka halafu ikavimba ghafla, hata mimi ningekataa.

Mjomba Swaleh: Wakala anasema atatengeneza stetimenti ya miezi minne. Laki nane tu.

Idi Winnipeg: Mjomba, HAPANA. Ya kwanza ni kukataliwa tu, anaweza kuomba tena hata kesho. Karatasi ya kughushi wakiigundua wanamfungia mlango miaka 5, haombi chochote cha Kanada. Na wanapiga simu benki. Barua ya chuo pia, tangu Desemba 2023 wanaihakiki na chuo chenyewe, kwa sababu mawakala waliwauzia watoto wa watu barua za uongo.

Shangazi Hawa, Bombo: Swaleh, namba ya huyo wakala ifute leo.

Baba Mdogo Juma: Nimetoka barabarani sasa hivi, nilikuwa Pakwach napakia samaki. Nasoma hapa. Swali langu moja. Mimi niliulizwa?

Rukia: Baba Mdogo…

Baba Mdogo Juma: Nauliza. Nina lori. Nina milioni 38 kwenye Sako, chama chetu cha akiba na mikopo, nazijenga tangu mwaka wa korona. Mtoto wa marehemu kaka yangu anaenda kukopewa pesa ya kuonyesha, mimi napitishwa?

Mjomba Swaleh: Tulijua pesa yako haikai benki

Baba Mdogo Juma: Inakaa Sako na kwenye simu. Si pesa hiyo?

Idi Winnipeg: Ni pesa, Baba Mdogo, tena ndiyo nzuri. Chapisha taarifa ya Sako, chapisha miamala ya simu ya miezi sita. Weka leseni ya biashara, logbuku ya lori inayoonyesha ni lako, risiti za soko la samaki. Halafu andika barua kwamba Rukia ni mtoto wa kaka yako, baba yake alifariki, wewe ndiye unayemsomesha. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji chenu, apige muhuri kuthibitisha undugu, na cheti cha kuzaliwa cha Rukia kiambatane.

Shangazi Hawa, Bombo: Zinazobaki nitatoa mimi. Kile kiwanja cha kule nyuma ya shule nilikuwa nauza tangu Ramadhani iliyopita, mnunuzi yupo.

Idi Winnipeg: Ukiuza, Shangazi, weka mkataba wa mauzo pamoja na stetimenti. Pesa nyingi kuingia si kosa. Kosa ni kuingia bila mama wala baba.

Baba Mkubwa: 😂😂 hiyo nimeipenda

Baba Mkubwa: Sasa Idi, akifika huko ndiyo ameshapata karatasi? Maana Yasini wangu naye amemaliza sekondari, Rukia amvute.

Idi Winnipeg: Baba Mkubwa bado sana. Hiki ni kibali cha kusoma. Akiwa anasoma ataruhusiwa kufanya kazi saa 24 kwa wiki nje ya chuo, na saa hizo hazihesabiwi kwenye safari yake ya ukaazi. Akimaliza digrii ya pili anaomba kibali cha kazi, kinaweza kuwa cha miaka 3. Afanye kazi ya ujuzi mwaka mzima, ndiyo aingie kwenye foleni ya ukaazi wa kudumu, foleni ya pointi: umri, elimu, lugha. Akiupata, kila miaka 5 awe ameishi huku siku 730, la sivyo unaweza kuponyoka.

Idi Winnipeg: Na kuhusu Yasini… sheria yao haimjui ndugu kama tunavyomjua sisi. Mume, mke, mtoto aliye chini ya miaka 22 na hajaoa. Mtoto wa baba mkubwa hayumo. Mimi mwenyewe Salum wangu tumbo moja nimeshindwa kumleta.

Baba Mkubwa: Ndugu tumbo moja?! Hao ni watu gani

Rukia: Kaka Idi, je, niandike kabisa kwamba sitaki kubaki?

Idi Winnipeg: Usiseme uongo. Kutaka ukaazi baadaye si kosa, sheria yao inakubali mtu awe na nia mbili. Ila ofisa aamini kwamba ukikosa kibali kingine utarudi. Kwa hiyo eleza kazi yako ya maabara, eleza kwa nini digrii hii na si nyingine. Ile barua yako ya kwanza niliisoma, inafanana na ya kila mtu. Nani aliandika?

Rukia: Wakala

Shangazi Hawa, Bombo: 🤦🏾‍♀️

Idi Winnipeg: Haya. Tuko Februari, masomo yanaanza Septemba. Muombe profesa akuandikie kwamba nafasi bado ipo. Ada ya kibali utalipa tena dola 150. Alama za vidole hapana, zinadumu miaka 10. Na kwa kuwa ni digrii ya pili kwenye chuo cha umma, tangu Januari mwaka huu wa 2026 ile barua ya mkoa wa huku, ya kuthibitisha nafasi yako, huhitaji.

Salum, Arua: 🎤 0:41

Salum, Arua: Hiyo ni sauti ya Bibi, amenishikia simu. Anasema amesikia yote, Swaleh aje nyumbani jioni kabla ya magharibi, na aje na daftari la madeni.

Mjomba Swaleh: Nakuja

Baba Mdogo Juma: 📷

Baba Mdogo Juma: Logbuku hiyo

Rukia: Baba Mdogo, imekaa kichwa chini, na kidole chako kimefunika namba. Weka mezani, piga tena kwenye mwanga.

Baba Mdogo Juma: Umeme hakuna. Nipe dakika, niwashe taa za lori.