Mrejesho: Choo kinachorudisha majitaka, kamera imeonyesha tatizo

Wakuu, niliuliza kwa nini choo cha ghorofa ya chini hapa Upanga kinarudisha majitaka muda mfupi tu baada ya kuzibuliwa. Wengi mlishauri niache kulipia kuzibua, nitafute mafundi wenye kamera ya kupitisha ndani ya bomba. Asanteni sana.

Mafundi wa kamera walianza kwa kusafisha bomba kwa maji ya presha, maana kwenye tope kamera haioni kitu. Kisha wakaipitisha kutoka chemba ya uani kuelekea ya barabarani, mita zikihesabiwa kwenye skrini. Bomba ni la zamani, la udongo wa kuchoma, inchi 6. Mwanzo safi kabisa. Kufika mita ya 11, kwenye kiungio chini ya mwarobaini, mizizi inaning'inia kama ndevu, imenasa karatasi na mafuta ya jikoni. Mbele kidogo bomba limetitia. Kamera ikazama majini, ikaibukia upande wa pili.

Ripoti inapanga kasoro kwa madaraja 1 hadi 5, na 5 ndiyo mbaya zaidi. Mizizi imepewa 4, ufa mwembamba 2. Kilichonishtua ni pale palipotitia: hata mizizi ikikatwa, uchafu utaendelea kutuama hadi mteremko urudishwe.

Daini video yenyewe pamoja na umbali wa kila kasoro. Fundi wa kwanza alitaka kufumua ua mzima. Sasa tumekubaliana na majirani kuchimba kipande chenye kasoro tu na kuweka bomba la PVC. Mwarobaini nao, kwa masikitiko yangu, itabidi ukatwe.